Picha Ivuke Uwanja: Mwongozo wa Kuvuta Kebo za Faiba za Video Kilwa na Pwani ya Lindi

King'amuzi kiko chumbani kwa mwenye nyumba, skrini iko chini ya mwembe, na katikati kuna hatua sitini. Pengine unaonyesha mpira Kilwa Masoko, au unasimamia ukumbi wa harusi Lindi mjini, au unataka akina mama walio upande wao wa msikiti, kule Kilwa Kivinje, wamwone mhadhiri kama wanavyomwona wanaume. Hatua hizo sitini ndizo zinazokutesa. Unaunga kebo mbili, unaunga tatu. Picha inakuja, inapiga chenga, inaganda, kisha inapotea watu wakiwa wameshakaa.

Dawa ipo, nayo ni kebo ya video ya faiba, inayopeleka picha kwa nuru badala ya umeme. Lakini kebo hii haina kiraka. Ya shaba ikikatika, fundi huimenya, huisokota, huifunga tepu na kazi ikaendelea. Ya faiba iliyofungwa vichwa kiwandani ikivunjika ndani, imekwisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hufanywa kabla ya kuilaza: kupima, kuchagua na kujaribu. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

1. Kwa nini kebo uliyozoea huchoka njiani

Kebo ya kawaida ya HDMI ina nyaya za shaba. Picha ya 1080 yenye fremu 60 hupita humo kwa zaidi ya biti bilioni 4 kwa sekunde, na ya 4K yenye fremu 60 huhitaji kebo ya biti bilioni 18. Kwa kasi hiyo mawimbi hudhoofika kila mita. Kebo nzuri ya shaba huvuka mita 10 kwa picha ya 1080, nyingine hata 15. Kwa 4K, zaidi ya mita 5 huwezi kuitegemea.

Tena picha ya dijitali haififii polepole kama ya televisheni za zamani. Ikiwa safi, ni safi kabisa. Ongeza mita mbili, uone nukta nyeupe zinazometameta. Ongeza mbili nyingine, giza. Kwa hiyo kebo iliyofanya kazi jana inaweza kukukatalia leo kwa sababu tu umeongeza kiungio kimoja.

Ndani ya faiba kuna uzi wa kioo. Kichwa cha upande wa kutuma hugeuza umeme kuwa nuru, na kichwa cha kupokea huirudisha nuru kuwa umeme. Kwa mita 100 za kioo nuru haipotezi kitu cha kuhesabu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano na nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi hutumia njia hiyohiyo, tofauti ni umbali tu.

> SANDUKU: Faiba haicheleweshi goli
> Jirani akipiga kelele ya goli kabla yako, usiilaumu kebo. Nuru hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde ndani ya kioo, na mita 100 huzimaliza kwa nusu ya sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ucheleweshaji hutokea kwenye njia ya matangazo: setilaiti iliyo karibu kilomita 36,000 juu, king'amuzi kinachofungua picha, au intaneti kama unatazama kwa njia hiyo.

2. Pima kabla hujafungua pochi

Makadirio ya macho hudanganya, kwa sababu kebo haipiti hewani moja kwa moja. Hupanda ukuta, hufuata boriti, huzunguka kona, hushuka.

1. Chora njia yote kwenye karatasi: king'amuzi kilipo, skrini ilipo, kuta, milango, miti.
2. Chukua kamba, ipitishe palepale kebo itakapopita, kisha uipime kwa mita.
3. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa ajili ya kona na akiba ya kila mwisho.
4. Nunua urefu unaofuata hapo dukani, usizidishe mno. Kebo hii haikatwi, na ziada italazimika kuviringishwa mahali.

Mfano: mita 2 kutoka mezani hadi darini, 9 za baraza, 28 za uwanja, 3 za kupanda nguzo. Jumla 42. Ukiongeza sehemu moja ya kumi unapata 46.2, kwa hiyo nunua ya mita 50.

Angalia pia unahitaji picha gani. Kama king'amuzi na projekta yako vyote ni vya 1080, huna haja ya kulipia kebo ya 4K isipokuwa unapanga kubadilisha vifaa karibuni.

3. Chagua kwa umbali

- Hadi mita 10, picha ya 1080: tumia shaba. Faiba hapa ni kupoteza fedha.
- Mita 10 hadi 100: kebo ya HDMI ya faiba iliyofungwa vichwa kiwandani. Unaichomeka kama HDMI yoyote, haihitaji fundi wa kuunga kioo. Hii ndiyo itakayowafaa wengi wenu.
- Hadi mita 100, ndani ya jengo moja: vipo pia visanduku vya kupitisha HDMI kwenye waya wa mtandao wa Cat6. Kichwa cha waya huo fundi hukifunga hapohapo, na hilo ni jambo jema. Lakini ni shaba, kwa hiyo usiuvushe kutoka nyumba hadi nyumba. Sababu utaiona kwenye sehemu ya 4.
- Zaidi ya mita 100 hadi kilomita kadhaa: jozi ya visanduku, kimoja cha kutuma na kimoja cha kupokea, vikiunganishwa kwa faiba ya modi moja (single-mode), ambayo ikiwa ya kutumika ndani ya nyumba mara nyingi ganda lake ni la njano. Hapa utahitaji fundi mwenye mashine ya kuunga kioo. Waya wa namna hii ukikatika huungwa.
- Kamera za kurekodia matukio zenye tundu la SDI: waya wake mzuri wa shaba hufika karibu mita 100 kwa picha ya HD. Zaidi ya hapo tumia visanduku vya kugeuza SDI kuwa faiba.

Visanduku vya masafa marefu havifai kila mahali. Vile vya kilomita 80 vikifungwa kwenye waya wa mita 300 humwaga nuru kupita kiasi hadi kipokezi kikashindwa kusoma. Nunua vya kilomita 10.

4. Je, ni kioo kitupu au kina shaba ndani?

Swali hili wauzaji wengi hawakuulizi, na kwa mtu wa pwani ndilo zito kuliko yote.

Kabla ya picha kupita, king'amuzi hubisha hodi. Huiuliza runinga: unapokea picha ya ukubwa gani, na unaruhusiwa kuonyesha matangazo yaliyolindwa? Runinga huitikia, ndipo mlango hufunguliwa. Kebo nyingi za HDMI za faiba hupitisha picha kwenye nyuzi 4 za kioo, lakini hodi hiyo pamoja na umeme mdogo wa volti 5 hupita kwenye nyaya nyembamba za shaba zilizomo ndani ya ganda lilelile. Hizi ni kebo mseto. Zipo pia za kioo kitupu, ambazo hata hodi yake hupita kwa nuru. Nyingi za aina hii huhitaji umeme wa USB, wakati mwingine kila upande.

> SANDUKU: RADI
> Kioo hakipitishi umeme, shaba inapitisha. Radi ikipiga karibu na nguzo ya skrini, kebo mseto inaweza kuleta umeme huo hadi kwenye king'amuzi ndani ya nyumba. Kwa hiyo:
> - Ndani ya jengo moja: mseto inatosha.
> - Kati ya majengo mawili, au kutoka nyumbani hadi uwanjani: chagua kioo kitupu. Umeme wa USB wa kila upande utoke kwenye soketi ya upande huohuo, usivushwe kutoka upande wa pili.
> - Faiba ya nje yenye waya wa chuma wa kuning'inizia ina chuma ndani yake. Chuma hicho kiishie nje kwenye waya wa ardhi, kisiingie chumbani.
> - Mvua ya radi ikikaribia, chomoa kebo na umeme pande zote. Hakuna gadi ya runinga inayoshinda radi ya moja kwa moja.

5. Jaribu chini kabla ya kupandisha juu

HDMI ya faiba ina upande wa kuingilia na upande wa kutokea. Kichwa kimoja kimeandikwa SOURCE au TX, nacho ni cha king'amuzi. Cha pili kimeandikwa DISPLAY au RX, nacho ni cha runinga au projekta. Ukigeuza, hupati hata chenga.

Siku moja, Kilwa Masoko, tulilaza kebo ya mita 40 ndani ya bomba, tukaziba mdomo wa bomba kwa saruji, ndipo tukapanda ngazi kuchomeka. Skrini ikabaki giza. Mama mwenye ukumbi akaja mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wageni wanaingia saa kumi."

Nikakishika kichwa kilichokuwa karibu na king'amuzi, nikakifuta vumbi la saruji kwa kidole gumba. Kiliandikwa DISPLAY. Tulivunja saruji na kuivuta kebo upya hadi magharibi, na harusi ikaanza bila picha. Tangu siku hiyo sijalaza kebo ambayo sijaiwasha kwanza.

Fanya hivi:

1. Weka king'amuzi na runinga kwenye meza moja. Ijaribu kwanza runinga kwa kebo fupi ya shaba, ujue kuwa vifaa ni vizima.
2. Tandaza kebo ya faiba sakafuni kwa mizunguko mipana, iunganishe, acha picha iende angalau dakika 30.
3. Tazama mechi au kituo cha kulipia, si menyu peke yake. Matangazo yaliyolindwa ndiyo yanayokataa kwanza.
4. Funga utepe mwekundu upande wa SOURCE na wa buluu upande wa DISPLAY, ili hata gizani ujue.

6. Kulaza kebo, hatua kwa hatua

1. Andaa bomba. Kichwa cha HDMI hakipiti kwenye bomba la waya la milimita 20. Tumia la milimita 32, au nunua kebo yenye kichwa kidogo kinachovalishwa kikubwa baadaye. Kona ziwe za kupinda taratibu, si kiwiko cha mraba.
2. Funika kichwa. Rudishia kifuniko chake, kivike mfuko wa plastiki, funga tepu.
3. Vuta kwa ganda, si kwa kichwa. Funga kamba kwenye mwili wa kebo, sentimita 20 nyuma ya kichwa, kwa mizunguko kadhaa. Uzito wote ubebwe na ganda.
4. Mmoja avute, mwingine alishe. Anayelisha aifungue kebo kwa kuzungusha gurudumu lake. Akiichomoa kwa ubavu, inajinyonga. Ikigoma, rudi nyuma utafute sababu. Usikaze.
5. Chunga mkunjo. Kanuni ya kazi: nusu kipenyo cha kona kisipungue mara 10 ya unene wa kebo ikiwa imetulia, na mara 20 wakati wa kuvuta. Kwa kebo ya milimita 5, kona iliyotulia isiwe ndogo kuliko mdomo wa bakuli la uji, na wakati wa kuvuta isipungue sahani ya wali.
6. Ifunge kwa ulegevu. Mikanda ya kunata ni bora. Vibanio vya plastiki vikikazwa huminya kioo, na misumari yenye vishikizo hukivunja kabisa. Kebo iweze kuteleza kidogo ndani ya kifungo.
7. Acha akiba. Mita moja kila mwisho, iliyoviringishwa kwa upana.

Ukipita ardhini: chimba nusu mita au zaidi, laza bomba la plastiki, ziba midomo yake dhidi ya maji, panya na mchwa, na weka utepe wa onyo juu yake kabla ya kufukia. Mtu mwenye jembe hajui kuwa umepita hapo.

Ukipita juu: tumia kebo ya nje yenye waya wake wa kuning'inizia. Usiifunge kwenye mnazi, kwa sababu upepo wa kusi huuyumbisha na kebo hukazwa na kulegea mchana kutwa. Kamwe usitumie nguzo za umeme. Kabla ya kuingia ukutani, kebo ishuke kidogo chini ya tundu na kupanda tena, ili maji ya mvua yadondoke pale chini yasiifuate kebo hadi ndani.

Kuta za zamani: nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Kilwa Kivinje, hazipendi nyundo ya umeme. Pita juu ya mlango au kwenye tundu lililopo. Majengo ya kale yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, hivyo uliza kabla ya kutoboa.

7. Kuwasha

1. Zima kila kitu.
2. Chomeka upande wa DISPLAY, kisha wa SOURCE. Sukuma moja kwa moja bila kutikisa.
3. Kama kebo ina mkia wa USB, upe umeme.
4. Washa runinga au projekta kwanza na uchague tundu sahihi la HDMI. Mwenyeji awe macho kabla mgeni hajabisha hodi.
5. Washa king'amuzi. Subiri nusu dakika.

Kwa waya mrefu wenye visanduku kuna kazi moja zaidi, nayo ni usafi. Kichwa kimoja kichafu hula nuru kuliko kilomita nzima ya kioo. Kisafishe kwa kalamu maalumu ya faiba, au kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na pombe ya isopropili ya asilimia 99. Usitumie kanga wala pindo la shati, na usipulize kwa mdomo, maana pumzi ni unyevu. Angalia rangi pia: kichwa cha kijani kimechongwa mshazari wa digrii 8, cha buluu hakina mshazari huo. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu. Ukivichanganya, nuru hupotea na nyuso za kioo hukwaruzika.

> SANDUKU: Macho na vidole
> - Usichungulie mdomo wa faiba iliyowashwa. Nuru yake huwezi kuiona, lakini inaweza kudhuru jicho.
> - Vipande vya kioo vinavyobaki fundi akiunga waya hupenya ngozi. Vikusanywe kwenye chupa yenye kifuniko, na pasiliwe chakula hapo.
> - Ngazi ishikwe na mtu, na kazi ya juu isimame upepo ukivuma.

8. Chumvi, moshi na panya

Kioo hakishiki kutu, lakini meno ya shaba ya kichwa cha HDMI yanashika. Hewa ya bahari huyafanya ya kijani, na hodi inakoma kusikika. Usiache kichwa wazi nje. Kiweke ndani ya kisanduku kinachofungwa, mdomo wa kupitishia kebo ukiwa chini. Ukiondoa projekta baada ya shughuli, rudishia kifuniko palepale. Kila mwezi kagua meno kwa tochi.

Kwenye banda la makuti, panya hutembea juu ya boriti. Pitisha kebo ndani ya bomba hata kama hakuna ukuta, na usiipitishe juu ya jiko la kuni. Jua la mchana nalo hukausha ganda la kebo ya ndani hadi likapasuka, kwa hiyo nje tumia ya nje.

Weka pia akiba mapema. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu na mafuriko yakaikata barabara kuu ya kusini eneo la Somanga. Aliyekuwa anasubiri kifaa kutoka Dar es Salaam alisubiri zaidi. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, nyaya za chini ya bahari zilikatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, lakini matangazo ya dishi hayapiti huko. Kabla ya masika, mwenye ukumbi awe na kebo moja ya faiba ya akiba, kebo fupi ya shaba ya kujaribia, na njia ya dishi hata kama amezoea intaneti.

9. Picha ikigoma

- Giza kabisa: tazama tepe. Je, kebo imegeuzwa? Kisha zima vyote, washa runinga kwanza.
- Menyu inaonekana, mechi haionekani: hodi ya ulinzi imekataliwa. Ondoa kigawanyio cha HDMI kilichopo katikati, jaribu moja kwa moja.
- Picha inakuja na kupotea: huenda umeme wa volti 5 ni mdogo. Ongeza umeme wa USB kama kebo inaruhusu, au jaribu king'amuzi kingine.
- Nukta nyeupe au rangi ya ajabu: punguza kutoka 4K hadi 1080. Zikibaki, huenda uzi mmoja umeminywa. Fuata kebo yote ukitafuta kona kali au kibanio kilichokazwa.
- Picha inaganda katika vipande vya mraba: mara nyingi ni dishi au mvua, si kebo. Jaribu king'amuzi kwa kebo fupi.
- Hakuna kilichosaidia: peleka runinga ndogo hadi kwenye king'amuzi, uitumie kebo fupi. Ikionyesha, kebo ndefu au skrini ya mbali ndiyo mgonjwa.

10. Vibali

Kifurushi cha nyumbani hakikupi haki ya kuonyesha mpira kwa kiingilio. Uliza kampuni ya king'amuzi kuhusu kifurushi cha biashara. Kwa filamu, uliza Bodi ya Filamu Tanzania na Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Ukivuka barabara ya mtaa, TARURA ndio wenye barabara. Ile kuu ni ya TANROADS. Na ukitaka kuwauzia majirani matangazo kwa waya wako, hiyo ni huduma inayohitaji leseni ya TCRA.

11. Orodha ya siku yenyewe

☐ Njia imepimwa kwa kamba, akiba imeongezwa
☐ Aina imechaguliwa: mseto ndani, kioo kitupu kati ya majengo
☐ Kebo imejaribiwa sakafuni kwa dakika 30
☐ Utepe mwekundu na wa buluu umefungwa
☐ Hakuna kona ndogo kuliko bakuli la uji
☐ Vichwa vya nje vimo ndani ya kisanduku
☐ Kebo fupi ya kujaribia iko mfukoni
☐ Kebo ya akiba iko ndani
☐ Wa kuchomoa kebo na umeme radi ikikaribia amepangwa, na anajua kuwa ni yeye

Bado kuna jaribio moja la mwisho. Usiku mmoja kabla ya shughuli, washa vyote mahali pake, kaa kwenye kiti cha mwisho nyuma kabisa, utazame mechi nzima, dakika zote 90. Kama picha haijayumba, kesho yake fungua mlango, watu waingie.